Mbinu mbalimbali za kufundishia darasa kubwa: namna ya kuzichagua na kuziendesha

Mwalimu akiuliza "Tumeelewana?" darasa zima huitikia "Ndiyo mwalimu!" Itikio hilo halimwambii lolote. Katika darasa la watoto 80 kule Mbagala au Gongo la Mboto, sauti za watoto 15 zinatosha kujaza chumba, na waliobaki hufuatisha midomo tu. Daftari zikikusanywa ndipo inajulikana nani alikuwa ndani ya somo na nani alikuwa amekaa tu.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa msingi au sekondari jijini Dar es Salaam mwenye darasa kubwa, madawati ya watu watatu watatu, ubao mmoja na kipindi cha dakika 40. Mbinu za kufundishia hubadilishwa kwa sababu mbili tu: kila mtoto alazimike kufikiri, na mwalimu aone alichofikiri kabla kengele haijagongwa. Mbinu isiyofanya hata moja kati ya hayo ni pambo, hata kama kwenye andalio la somo imeandikwa kwa wino mzito kuwa ni "shirikishi".

Jambo moja liondolewe mapema. Walimu wengi wamefundishwa kwamba kuna watoto wa kujifunza kwa kuona, wa kusikia na wa kushika, na kwamba kila mmoja afundishwe kwa njia yake. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne, Harold Pashler na wenzake, walipitia tafiti zilizokuwapo na hawakuona ushahidi wa kutosha wa kufundisha kwa mgawanyo huo. Kwa hiyo usipoteze muda kuwapanga watoto katika mafungu hayo. Kinachoamua mbinu ni somo lenyewe. Ramani ya njia za mabasi ya mwendokasi lazima ionekane kwa macho, hata kwa mtoto anayependa kusikiliza. Matamshi lazima yasikike. Kupima urefu kwa rula lazima kushikwe kwa mkono.

Kabla ya kuandika andalio, jaza sentensi hii: "Mwisho wa kipindi, kila mtoto ataweza ku…" na umalizie kwa kitenzi kinachoonekana: kutaja, kulinganisha, kukokotoa, kueleza sababu, kuchora. Kitenzi hicho ndicho kinachochagua mbinu. Kama ni kutaja au kukumbuka, tumia maswali mafupi ya kila siku. Kama ni kukokotoa, onyesha mfano mmoja kamili ubaoni, wafanye wa pili pamoja nawe, wa tatu wafanye wenyewe. Kama ni kueleza sababu, wape kwanza nafasi ya kutabiri na kubishana. Kama ni kulinganisha vitu vinne, mbinu ya vikundi vya wataalamu, ambayo tutaifikia, inafaa kuliko zote. "Kuelewa" si kitenzi cha kuandika hapo, kwa sababu hakuna anayeweza kukiona.

Madawati na kelele kwanza

Mbinu nyingi zilizoandikwa kwenye vitabu vya ualimu zinadhani watoto wanakaa wawili wawili na viti vinahamishika. Dawati la watatu huharibu mpango huo: ukisema "jadilianeni na jirani", wa katikati anageukia upande mmoja na wa upande wa pili anabaki ameduwaa. Usilazimishe jozi. Tumia dawati kama kikundi cha watatu na umpe kila mmoja kazi: wa kushoto anasema jibu lake na sababu, wa katikati anauliza "kwa nini?", wa kulia anaandika walichokubaliana. Kesho wanahama nafasi moja kuelekea kulia, ili asiwe mwandishi yule yule kila siku.

Ukihitaji kikundi kikubwa, watoto wa mstari wa kwanza, wa tatu na wa tano wanageukia nyuma. Dawati halisogezwi, watoto ndio wanaogeuka. Unapata vikundi vya watu sita ndani ya nusu dakika na sakafu haikwaruzwi. Madawati yenye kiegemeo hulazimu mtoto kujipinda kiuno, kwa hiyo kazi ya namna hiyo isizidi dakika nne. Kazi ndefu zaidi ifanyike wakiwa wamesimama ukutani au nje.

Kelele ndiyo inayowafanya walimu wengi waache majadiliano, hasa pale ukuta wa darasa la jirani unapokuwa haujafika juu. Kelele hupungua muda ukiwa mfupi na kazi ikiwa na kitu cha kuonyesha mwishoni. "Jadilini kuhusu uchafuzi wa mazingira kwa dakika kumi" huzaa soga. "Kwa dakika mbili, andikeni sababu moja ya Mto Msimbazi kufurika na namna moja ya kuipunguza" huzaa kazi. Chagua ishara moja tu ya kurudisha utulivu, kama makofi matatu ya mwalimu yanayojibiwa na makofi mawili ya darasa kisha kimya, na uifanyie mazoezi siku ya kwanza, mara tano mfululizo, bila somo lolote ndani yake. Usianze kusema kabla kimya hakijakamilika. Ukisema juu ya kelele mara moja, ishara imekufa na itabidi utafute nyingine.

Kuuliza swali ili wote wafikiri

Chukua kopo tupu na vizibo vya soda kulingana na idadi ya darasa. Andika namba za daftari la mahudhurio kwenye vipande vya karatasi na ubandike kimoja kimoja ndani ya kizibo kwa selotepu, kwa sababu wino juu ya bati hufutika baada ya siku chache. Kisha fuata mpangilio huu bila kuuvuruga: uliza swali, nyamaza, ndipo utoe kizibo na kusoma namba.

Mpangilio ndio wenye kazi. Ukitaja namba kwanza halafu swali, watoto 79 wanapumzika. Ukitaja swali kwanza, hakuna anayejua kama ni zamu yake. Na kizibo kirudi ndani ya kopo baada ya kutumika. Kikibaki mezani, mtoto aliyejibu anajua kwamba amemaliza kazi ya siku.

Kile kimya cha katikati ndicho walimu hawakivumilii. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, miaka ya 1970, alionyesha kwamba kwa wastani walimu husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliokuwa kimya walianza kusema. Njia rahisi ya kujilazimisha ni kutembea: uliza swali ukiwa ubaoni, nenda polepole hadi mstari wa tatu wa madawati, ndipo utoe kizibo.

Mtoto akisema "sijui", usimwache asimame kama adhabu na usihamie kwa mwingine moja kwa moja. Mwambie "nitarudi kwako", wasikilize wawili wengine, kisha urudi na umtake aseme kwa maneno yake jibu analoliona sahihi. Asiporudiwa, "sijui" inakuwa mlango wa kutokea, na wenzake watauona upesi sana. Vilevile anayemcheka mwenzake akatazwe siku ya kwanza kabisa, kwa uthabiti. Mtoto aliyechekwa mara moja hatafungua kinywa muhula mzima, na hakuna mbinu itakayomrudisha.

Kura ya vidole

Kama ungechagua mbinu moja tu kutoka kwenye mwongozo huu, chagua hii. Haina gharama, inachukua dakika sita hadi nane, na inamwonyesha mwalimu darasa zima kwa mara moja. Msingi wake unatokana na kazi ya Eric Mazur, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeanza kufundisha kwa maswali ya namna hii mwaka 1991 baada ya kuona kwamba wanafunzi wake walijua kanuni lakini hawakuelewa maana yake. Harvard au Yombo, ugonjwa ni ule ule.

Andika ubaoni swali lenye majibu manne. Kila jibu lisilo sahihi litokane na kosa ambalo watoto hulifanya kweli, si jibu la kubahatisha. Mfano wa darasa la tano:

1/2 + 1/3 = ?
A. 2/5
B. 1/5
C. 5/6
D. 2/6

Anayechagua A amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Anayechagua B ameiacha 1 ya juu kama ilivyo akajumlisha chini tu. Wa D amepata asili ya pamoja, yaani 6, lakini hakubadilisha namba za juu. Kila kidole kinakwambia tatizo liko wapi, na hii ndiyo faida ambayo daftari lenye alama ya mkasi haiwezi kukupa.

Sasa endesha hivi. Dakika moja ya kimya, kila mtu anakokotoa mwenyewe kwenye daftari. Kisha unasema "moja, mbili, onyesha", na wote wanaonyesha vidole kifuani kwa pamoja: kimoja ni A, viwili B, vitatu C, vinne D. Vidole vibaki kifuani, visiinuliwe juu, kwa sababu mkono ulioinuliwa unaonekana na darasa zima na wanyonge humfuata anayeaminika kuwa na akili. Pitisha macho mstari kwa mstari. Huhitaji hesabu kamili, unatafuta makadirio.

Kama waliopata ni chini ya watatu katika kila kumi, usiwaache wajadiliane, kwa sababu watafundishana makosa. Rudia maelezo kwa njia nyingine. Kama ni kati ya watatu na saba katika kila kumi, umepata wakati mzuri kuliko yote: waambie "mshawishi mwenzako wa dawati kwa nini jibu lako ni sahihi", wape dakika mbili, kisha wapige kura tena. Mara nyingi C inaongezeka bila wewe kusema neno, maana aliyejua jana jioni anakumbuka bado ni wapi palimchanganya, jambo ambalo mwalimu amelisahau zamani. Wakizidi saba, toa maelezo mafupi na usonge mbele. Wachache waliobaki utawafuata dawatini wakati wa zoezi.

Wapo watakaong'ang'ania 2/5. Wakate ukanda wa karatasi wenye urefu wa sentimita 12. Nusu yake ni sentimita 6. Theluthi yake ni sentimita 4. Ukiziunganisha unapata sentimita 10 kati ya 12, ambazo ni 5/6. Kisha wapime 2/5 ya ukanda ule ule: ni sentimita 4.8. Waulize: tulikuwa na sentimita 6, tukaongeza, inakuwaje tumebaki na 4.8? Hapo mtoto analiona kosa lake kwa rula yake mwenyewe, na hahitaji tena kukariri "tafuta asili ya pamoja" kama dua. Ukanda uwe sentimita 12, usiwe 10, kwa sababu 12 inagawanyika kwa 2, 3, 4 na 6 bila masazo.

Usitangaze jibu sahihi kabla ya kura ya pili, wala usilionyeshe kwa uso. Watoto husoma nyusi za mwalimu kuliko ubao.

Tabiri, tazama, eleza

Onyesho la sayansi mbele ya darasa hugeuka mazingaombwe kama watoto hawajatabiri kwanza. Wanashangaa, wanapiga makofi, wanasahau. Utabiri ulioandikwa humfanya kila mtoto awe na dau lake katika matokeo.

Mfano wa bei nafuu: yai bichi zima, chombo kinachoonyesha ndani, nusu lita ya maji na chumvi. Weka yai kwenye maji matupu, linazama. Waulize: nikikoroga chumvi, yai litafanya nini, na kwa nini? Kila mtoto aandike sentensi moja. Ndipo uongeze chumvi kijiko kikubwa kimoja kimoja, ukikoroga hadi iyeyuke. Kati ya kijiko cha nne na cha sita yai huanza kuelea. Yai likielea kwenye maji matupu tangu mwanzo, ni la zamani: hewa imeongezeka ndani yake, na onyesho litakuharibikia. Lijaribu nyumbani. Ukitumia jagi la rangi, watoto wa nyuma hawaoni kitu, hivyo chupa kubwa ya maji iliyokatwa juu ndiyo nzuri, na izungushwe kati ya madawati.

Baada ya kuona, wasirukie "kwa sababu ya chumvi". Wasukume hadi wafike kwenye msongamano: maji ya chumvi ni mazito kuliko maji matupu ya ujazo ule ule. Waliokulia karibu na bahari wanaweza kuulizwa kama mwili unaelea kwa urahisi zaidi Kigamboni baharini au kwenye maji baridi.

Jiografia ina onyesho lake lisilo na gharama, yaani kijiti cha mita moja kilichosimikwa uwanjani. Watabiri urefu wa kivuli saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9 alasiri, kisha wapime. Ukilipanga karibu na tarehe 10 Oktoba au siku za mwanzo za Machi, jua hupita karibu kabisa na utosi wa Dar es Salaam na kivuli cha mchana hubaki kidogo sana. Darasa likipima tena mwezi Juni na kukuta kivuli kimerefuka na kuelekea kusini, mhimili wa dunia unapata maana.

Vikundi vya wataalamu

Mbinu hii, ambayo walimu wengi huiita jigso, ilibuniwa na Elliot Aronson mwaka 1971 huko Austin, Texas, katika shule ambazo watoto wa rangi tofauti walikuwa wameanza kusoma pamoja na walikuwa hawapatani. Wazo lake: kila mtoto ana kipande cha somo ambacho wenzake hawana, hivyo hawawezi kumpuuza.

Tuseme mada ni magonjwa, darasa lina watoto 72. Unataka walinganishe kipindupindu, malaria, dengue na kichocho. Gawa vikundi 18 vya watu wanne. Hivi ni vikundi vya nyumbani. Katika kila kikundi mmoja anapewa ugonjwa mmoja. Hesabu inakwambia kwamba kila ugonjwa una wataalamu 18, na hapo ndipo walimu wengi huharibikiwa: kikundi cha watu 18 si kikundi, ni mkutano. Wagawe wataalamu wa kila ugonjwa katika vikundi vitatu vya watu sita. Unapata vikundi 12 vya wataalamu. Karatasi sita za manila zikikatwa nusu kwa nusu zinatoa mabango 12, moja kwa kila kikundi, na umeokoa gharama ya fotokopi 72.

Andika kwa mkono, herufi kubwa, maneno yasiyozidi 100 kwa kila bango: kisababishi, namna kinavyoenea, dalili tatu, kinga. Wataalamu wana dakika nane za kusoma na kukubaliana watafundisha nini. Kisha mabango yanageuzwa ukutani na kila mtu anarudi kwenye kikundi chake cha nyumbani akiwa na daftari lenye maneno matano tu aliyoyaandika. Maneno matano, si zaidi. Ukiwaruhusu wanakili bango zima, watarudi kusomea wenzao kama taarifa ya habari na hakuna atakayefikiri. Kila mmoja anafundisha dakika mbili.

Mwisho uliza swali lisilojibika kwa kipande kimoja. Kwa mfano: "Familia ya Magomeni imepata chandarua kwa kila kitanda. Kati ya magonjwa haya manne, upi umepungua zaidi, upi umepungua kidogo, na yapi hayajaguswa? Kwa nini?" Ili kujibu, wanahitaji kujua kwamba mbu wa malaria huuma usiku, ilhali mbu aina ya Aedes anayeeneza dengue huuma mchana na kuzaliana kwenye maji yaliyotuama ndani ya ndoo na matairi, na kwamba kipindupindu huja kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kichocho kwa kuingia kwenye maji yenye konokono wanaobeba vimelea. Jiji hili lilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019, kwa hiyo swali si la kitabuni tu.

Mbinu hii inavunjika pale mtaalamu asipokuja shule. Siku ya kipindi, hesabu mahudhurio kabla ya kugawa, usigawe jana yake. Kikundi chenye pengo kiungane na jirani kwa kipande kile tu. Na mtoto asiyesoma vizuri asipewe bango gumu kuliko yote. Mpe kipindupindu, ambacho mabango na matangazo ya kunawa mikono yamemzoesha, aingie kikundini akiwa na la kusema. Panga vipindi viwili mfululizo. Ukijaribu kuibana ndani ya dakika 40, utakatisha sehemu ya mwisho, ambayo ndiyo somo lenyewe.

Bungua bongo, igizo dhima na ziara

Hizi zinajulikana, kwa hiyo maneno machache yanatosha. Bungua bongo ya kunyoosha mikono huwafaidia watoto watano wenye sauti. Watake wote waandike mawazo mawili kimya kwa dakika moja kwanza. Igizo dhima hufaa pale penye pande mbili zenye haki, kama mama lishe na mgambo wa jiji, na wanaotazama wapewe swali la kujibu, la sivyo wanakuwa watazamaji wa vichekesho. Ziara ya Makumbusho ya Taifa au Kijiji cha Makumbusho ni nzuri, lakini nauli na vibali huchosha. Dakika 30 kuzunguka uwanja wa shule mkitafuta mmomonyoko kando ya mtaro zinafundisha kwa kiasi kile kile, na unaweza kurudia wiki ijayo.

Kukumbuka ni kazi ya kila siku

Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 vipimo alivyojifanyia mwenyewe vya jinsi mtu anavyosahau: sehemu kubwa hupotea mapema sana, kisha kasi inapungua. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwalinganisha wanafunzi waliosoma andiko tena na tena na wale waliosoma kisha wakajipima bila kuliangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki, waliojipima ndio walioongoza kwa mbali. Kwa mwalimu anayeandaa watoto kwa mtihani wa Baraza la Mitihani, hili lina maana kubwa: kunakili notsi upya kunampa mtoto hisia ya kujua, si kujua.

Fungua kila kipindi kwa maswali matatu ubaoni: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Dakika nne za kujibu kimya, daftari za notsi zikiwa zimefungwa. Dakika moja ya kusahihisha wenyewe. Usiweke alama za kurekodi. Likigeuka mtihani, watoto watatazamiana, na utakachopima ni urafiki wao. Zamu ya mchana, jua likiwa limeshika bati, maswali haya yafanyike wakiwa wamesimama, anayemaliza anaketi.

Sekondari na suala la lugha

Kidato cha kwanza mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili anakutana na Kiingereza katika karibu kila somo. Ukimtaka afikiri na atafsiri kwa pamoja, atanyamaza, na utadhani hajui fizikia. Tenganisha kazi hizo. Majadiliano ya dawati yafanyike kwa lugha wanayoimudu, kisha jibu liandikwe kwa Kiingereza kwa msaada wa vianzio vya sentensi ulivyoacha ubaoni, vitatu au vinne, vyenye maneno ya kueleza sababu na kulinganisha. Orodha ya istilahi ya kipindi isizidi saba. Kila istilahi itamkwe na darasa zima, iandikwe, na itumike kwenye sentensi siku hiyo hiyo. Vianzio viondolewe taratibu kadiri miezi inavyokwenda. Vikibaki mwaka mzima, vinakuwa magongo.

Karatasi ya mlangoni

Dakika tano za mwisho, swali moja, robo ya karatasi kwa kila mtoto. Karatasi 20 zinatosha watoto 80. Kama hata hizo ni nyingi, chukua mistari miwili tu ya madawati kila siku, na ndani ya wiki utakuwa umepitia darasa lote. Wanakukabidhi wakitoka.

Usisahihishe kwa kalamu nyekundu. Soma na upange mafungu matatu: amepata, amekaribia, bado. Watoto 80 huchukua kama robo saa ukizoea. Fungu la katikati ndilo linalokupa swali la kura ya vidole la kesho, kwa sababu makosa yake ndiyo yatakayokuwa majibu A, B na D. Fungu la tatu lina majina ya kuandika pembeni ya andalio: hao ndio utakaowafikia dawatini kwanza wenzao wakianza zoezi. Jina likitokea humo siku tatu mfululizo, mwangalie kwanza kama anaona ubao kutoka anapokaa, na kama anasikia. Msogeze mbele kabla ya kuamua kwamba hawezi.

Anza na mbinu moja kwa wiki mbili. Watoto wanahitaji siku kadhaa kuzoea utaratibu, na siku za kwanza kura ya vidole itachukua dakika 15 badala ya sita. Ikishakuwa mazoea ndipo uongeze ya pili. Kwenye andalio la somo, sehemu ya shughuli za mwanafunzi, acha kuandika "wanafunzi watashiriki majadiliano". Andika swali lenyewe, majibu manne yenyewe, na dakika. Mthibiti ubora wa shule akiingia atajua unachofanya, na mwalimu atakayekushikia kipindi ukiwa na udhuru ataweza kukiendesha bila kukupigia simu.